Tofali Lililostahimili Maji Siku ya Ijumaa

Nyinyi mnaovaa koti jeupe la maabara kwa mara ya kwanza, nianze na jambo ambalo hakuna mwalimu atakayewaambia: maji hayangoji kufunguliwa mlango. Hapa Mombasa ukifungua pakiti ya chumvi asubuhi, adhuhuri imeshakuwa bonge. Viberiti havishiki, karatasi za printa zinalegea, na papadi ulizowakaangia wageni zinakuwa ngozi kabla wageni hawajavua viatu. Sasa katika kisiwa hiki ambacho hata hewa yake ungeweza kuikamua, watu wazima wenye akili zao timamu waliniajiri nitunze kitu kisichopenda maji. Nikakitunza mpaka nikastaafu.

Kitu chenyewe kinaitwa kichocheo. Msitishike na jina. Kwa macho ni tofali jepesi la kauri lenye vitundu vingi, ukichungulia upande huu unamwona mtu wa upande wa pili, na kuta za vitundu zimepakwa dawa. Unalifunga ndani ya dohani la injini ya dizeli. Moshi unapita, unarushiwa maji ya urea, urea inageuka kuwa amonia, na pale juu ya dawa amonia inakutana na oksidi za nitrojeni, zile zinazokuchoma macho na kukukaba koo, wanamalizana. Kinachotoka ni nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, na maji.

Mmesikia lakini? Kinachotoka ni maji. Dawa ikifanya kazi inazaa maji, maji yanavikalia viti vya dawa yenyewe, na amonia ikija haina pa kukaa. Tena moshi wa dizeli umeshajaa mvuke tangu ulikotoka. Ni kama kumwajiri mpishi asiyevumilia harufu ya kitunguu. Nilipoelezwa hivyo siku ya kwanza nilicheka, nikidhani nataniwa kwa ugeni wangu. Hakuna aliyecheka nami.

Maabara yetu ilikuwa ya chuo kidogo upande wa Ganjoni. Jina lake sitalitaja, maana wenyewe wapo na mimi bado napita pale kwenda sokoni. Naitwa Kadzo, kwetu Kaloleni, lakini maisha yangu yote ya kazi niliishi Buxton na kazini nilikwenda kwa miguu. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shee, fundi mkuu, mtu wa Kibokoni huko Mji wa Kale, mpole, msafi, ambaye Ijumaa alivaa kanzu nyeupe isiyo na hata doa la kusingiziwa. Kumbukeni hilo la kanzu, maana ndilo lililotutia wazimu sote.

Mzee Shee ndiye aliyenionyesha kutafuta mvujo kwa povu la sabuni. "Gesi haina haya, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Ikiona mwanya, yapita. Nipe povu." Alinionyesha pia kupika uji wa dawa. Ndiyo, uji, ndivyo tulivyouita, na nyinyi mtauita hivyo hivyo mkishachoka na lile jina la kitabuni. Uji mzito unaziba vitundu, mwepesi unateremka wote na kuacha tofali uchi. Chovya upawa, utoe, utazame mgongo wake: uji ukiufunika bila kutiririka, chovya tofali. Halafu lipulize kwa upepo, likaushe polepole, ndipo uliingize tanuri. Ukiwa na haraka dawa itapasuka na kumenyuka, na utakuwa umejipotezea siku nzima.

Mwenye utafiti alikuwa Daktari Mghoi, binti wa Kitaita, aliyeacha kazi nzuri Nairobi akaja kutafuta kichocheo kitakachostahimili mvuke kwenye matagi, zile meli ndogo zenye nguvu zinazovuta meli kubwa bandarini Kilindini. Alikuwa mdogo kwangu na nilimpenda kama mdogo wangu. Bandari ilimkubalia jaribio moja, kwenye tagi moja. Likifaulu, maabara inaendelea. Likishindwa, Mkuu wa Idara yetu angekichukua chumba akifanye stoo ya sahani za kozi ya hoteli. Alikuwa ameshakuja na futi ya kupimia. Alipima huku akitusalimu na kutuulizia watoto, akapima mpaka pale Daktari alipokuwa ameketi, akamwomba ainue miguu.

Daktari alizipa dawa zake nambari ndefu. Sisi tukazipa majina ya vyakula vya kwetu Pwani, kwa sura zao. Mahamri alikuwa wa hudhurungi, amefura kidogo. Vibibi alikuwa mweupe na laini. Mofa alikuwa mweusi, mgumu, anakwaruza kama mkate wa mofa uliolala. Na Kaimati, huyo ndiye aliyekuwa mzuri kuliko wote, anang'aa kwa ngozi nyembamba ya silika, ile inayotengenezewa kioo, kana kwamba katoka kwenye shira sasa hivi. Ile ngozi ndiyo Daktari aliyoitegemea ifukuze maji.

Jumatatu tulimjaribu Mahamri. Tulimpitishia gesi kavu, akafanya kazi vizuri sana, tukafungua mvuke, na mstari kwenye kompyuta, unaoonyesha dawa inasafisha kiasi gani, ukaanguka mpaka chini usiinuke tena. Jumanne ikawa zamu ya Vibibi, naye akafa nikiwa bado nafunga kabati. Jumatano Mofa akaporomoka mpaka nusu, akakaa pale pale kwenye nusu kutwa nzima, wala hapandi wala hashuki. Tulipofunga mvuke na kumpasha moto akarudi juu kama aliyeamka usingizini. Hatukumjali. Nani anataka nusu?

Ijumaa ilikuwa zamu ya Kaimati. Mimi sikuwepo, kwa sababu kila Ijumaa asubuhi nilikwenda Shimanzi kubadilisha mitungi ya gesi. Niliporudi nilimkuta Daktari amesimama mbele ya kompyuta, mikono kichwani. Mvuke ulikuwa umefunguliwa tangu saa mbili na mstari wa Kaimati haukutikisika.

"Dada Kadzo," akaniambia, "hebu tazama chungu. Maji yamepungua?"

Nikatazama kile chungu cha kuchemshia mvuke. Yalikuwa yamepungua, kiasi kile kile cha siku nyingine. Basi maji yamekwenda, na Kaimati hakuyaona. Tulikumbatiana, na yeye alilia kidogo kwa furaha.

Jumanne iliyofuata akamjaribu tena ili kuhakikisha. Kaimati akafa kifo cha Vibibi. Ijumaa akafufuka. Jumatatu akafa. Ijumaa akafufuka. Nyinyi mtacheka, lakini sisi tulikuwa na mistari kwenye kompyuta, na mtu mwenye mstari kwenye kompyuta ni vigumu kumrudisha. Daktari akachunguza nguvu ya umeme ya Ijumaa. Akachunguza joto la chumba, akachunguza mtungi, akanichunguza na mimi. Mkuu akaitisha mkutano na kutangaza kwa sauti yake ya taratibu kwamba chuo kimegundua kichocheo kinachostahimili maji siku ya Ijumaa. Alisema ni mwanzo mzuri, siku nyingine zitafuata.

Mambo yakazidi kuharibika Mzee Shee alipokwenda Lamu kwenye harusi ya mpwa wake. Ijumaa ile Kaimati akafa. Aliporudi, Ijumaa iliyofuata, Kaimati akafufuka. Sasa hapo hata mimi nilianza kumtazama Mzee Shee kwa jicho jingine. Daktari Mghoi, mwanamke aliyesoma kemia mpaka akaimaliza, alisimama ubaoni akachora Ijumaa upande huu, Mzee Shee upande ule. Ijumaa peke yake haitoshi. Mzee Shee peke yake hatoshi. Wakikutana, dawa inafanya kazi.

"Sipendi," alisema, "lakini ndivyo vipimo vinavyosema."

Jaribio la tagi likapangwa Ijumaa, bila shaka, na Mzee Shee akaandikiwa ruhusa ya kuingia bandarini kama sehemu ya mtambo. Chifu Onyango, injinia mkuu wa tagi, alipiga simu kuuliza hiyo sehemu ina uzito gani na itafungwa kwa nati za saizi gani. Tulipomweleza kwamba ni mtu, akauliza meli ikija Jumanne itafanyaje. Mkuu akamjibu kwamba hilo linafanyiwa kazi. Mzee Shee mwenyewe alinunua viatu vipya.

Ijumaa ya mwisho kabla ya jaribio nilikwenda Shimanzi nikakuta lori limekwama langoni mwa ghala la gesi, halitoki wala haliingii. Nikarudi mapema. Nikapitia mlango wa nyuma, wa stoo, na nilipoufungua nilipigwa usoni na joto lenye harufu ya udi.

Stoo ilikuwa nyeupe kwa mvuke. Kanzu zilitundikwa kwenye mabomba yetu ya gesi kutoka ukuta huu mpaka ule. Mzee Shee alikuwa mezani na mpira wa mvuke mkononi, anapitisha juu ya kola kwa utulivu mkubwa. Na kwenye kiti cha pembeni, amevaa fulana na kikoi, anasubiri kanzu yake, alikuwa Mkuu wa Idara.

"Hujambo, Bi Kadzo," Mkuu akanisalimu.

"Sijambo, Mkuu."

"Za tangu asubuhi?"

"Njema. Za kwako?"

"Alhamdulillahi. Na watoto?"

"Hawajambo," nikasema. Nilipomaliza kuwajibia watoto nikamgeukia mwalimu wangu. "Mzee Shee, huo mvuke watoka wapi?"

"Watoka kwenye chungu cha Daktari," akasema, wala hakuacha kazi. "Maji yake ni masafi, mwanangu, hayana chumvi. Haya ya kisima yaniachia madoa."

"Na tofali linapata mvuke upi?"

Hapo mkono wake ukasimama. Akaitazama vali ukutani, ile yenye njia mbili, ya kwenda kwa tofali na ya kuja stoo, mpini wake umelala upande wa stoo. "Hupata wake tukimaliza," akasema polepole.

"Mnamaliza saa ngapi?"

"Kwenye saa tano."

Jaribio la Ijumaa lilikuwa likiisha saa tano, watu wapate kujitayarisha kwa sala. Nadhani sote watatu tulilielewa kwa pamoja, maana sote tuligeuka kutazama meza. Kanzu ya Mkuu ndiyo iliyokuwa mezani.

Vijana, hili ndilo somo, na likikupiteni nitakasirika. Sisi tulipima maji yaliyotoka chunguni. Hatukupima yaliyofika kwenye tofali. Chungu kinapungua sawasawa, mvuke uende kwenye dawa au uende kwenye kola ya Mkuu. Siku hizi mna pampu ya sindano inayosukuma maji tone kwa tone, mna vihisi vidogo kama punje, na bado nawaona mkiamini kile pampu inachosema imetoa. Wekeni kihisi mlangoni mwa tofali mgeni, yaani mvuke, anapoingia, na kingine anapotokea. Lipasheni moto bomba lote, maana mvuke ukikuta kona moja ya baridi utageuka maji palepale na kukaa, na nyinyi mtaandika kwamba dawa imestahimili. Kabla hamjaisifu dawa kwa kushinda maji, hakikisheni maji yamefika vitani.

Nikamuuliza Mzee Shee kwa nini hakusema siku zote zile tulipokuwa tukihangaika. Alishangaa kwa dhati. Alidhani tunajua. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la pasi ya Ijumaa, walikuwemo mhasibu, walinzi na walimu wa jengo la pili. Daktari hakutiwa humo kwa sababu havai kanzu. Hata yeye Mzee Shee alikuwa ameanza kuamini kwamba ana kitu mwilini.

Mkuu akainuka, akakifunga kikoi chake vizuri. "Bi Kadzo, jambo hili halina haja ya kutoka humu."

"Mkuu, Ijumaa ijayo tofali linapanda tagi."

"Najua." Akafikiri. "Kwani kwenye tagi hakuna nguo za kupigwa pasi?"

Nilimwacha na fikra zake nikaenda kwa Daktari. Alikuwa mbele ya kompyuta anautazama mstari wa Kaimati, umenyooka, mzuri. Nilimwambia kwa maneno machache kadiri nilivyoweza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Kwa hivyo nimekuwa nikipima pasi."

Kisha akalia, na safari hii haikuwa furaha. Niliona uchungu mkubwa, na hasira juu ya kanzu zote za Mombasa. Mzee Shee akaingia na kusimama mlangoni.

"Daktari, nimekukosea," alisema. "Naliona mvuke ni mwingi, nikasema ukipungua kidogo haudhuru mtu. Uniwie radhi, mamangu."

Daktari akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Mzee, siku nyingine mlipiga pasi?"

"La. Ijumaa tu."

"Jumatano je?"

"Jumatano nani apiga pasi?"

Akainuka, akaenda kabatini, akasogeza tofali la Kaimati kando na kulitoa lile jeusi la nyuma. Akalipuliza vumbi. "Basi huyu Mofa alilowa kweli," akasema. "Alilowa kutwa nzima na hakufa."

Mkuu alipoambiwa kwamba Kaimati haendi, alitaka kujua atawaambia nini wageni aliowaalika. Daktari alisema atawaambia yeye mwenyewe. Mkuu akamuuliza kama kweli anataka wageni wavuke geti la bandari, wakaguliwe mifuko, waje watazame nusu. Daktari akajibu ndiyo. "Ikiwa ni nusu," Mkuu akasema, kwa upole ule ule, "sahani zitakuja Jumatatu."

Basi Ijumaa tukaenda Kilindini. Mzee Shee alikuja pia, kwa kuwa ruhusa yake ilikuwa imeshapitishwa na kuifuta kungechukua muda mrefu kuliko kumpakia. Chifu Onyango akamvisha jaketi la kujiokolea juu ya kanzu na kumweka mahali pasipo na grisi. Injini ikawashwa, tagi ikaegemea ubavu wa meli ya mizigo ikaanza kusukuma, na sisi tukautazama mstari. Ukaanza kushuka. Daktari alinishika mkono, kucha zake zikaniingia. Ukashuka, ukashuka, ukafika nusu, ukakaa. Tagi ikasukuma, ikavuta, ikazunguka, mvuke ukapita kama unavyopita kwenye kila moshi wa dizeli duniani, na Mofa akakaa pale pale kwenye nusu. Daktari akawaeleza wageni kila kitu, mpaka kanzu. Wageni wakala sambusa, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu akatuagiza tukalitoe tofali Jumatatu.

Jumatatu asubuhi tulirudi na spana, mimi, Daktari na Mzee Shee, na Mkuu akaja kuhakikisha. Roho yangu ilikuwa nzito. Chuoni sahani zilikuwa zimeshateremshwa, makatoni yamepangwa mlangoni kwetu. Tulipopanda tagini tukawakuta mabaharia wameketi kwenye kifuniko cha chumba cha injini, wote, wanakunywa chai. Hawakuinuka.

"Mama, hiyo spana rudisha kwa mfuko," Chifu Onyango akaniambia. "Hii kitu haitoki."

Mkuu akamweleza kwamba tofali ni mali ya chuo, na kwamba kwa bahati mbaya lilifanya kazi nusu tu.

"Nusu ya nini?" Chifu akauliza.

"Ya moshi ule mbaya."

Chifu akamwonyesha wale vijana wa kamba, ambao kazi yao ni kusimama nyuma ya dohani upepo unapoushusha moshi wote kwenye sitaha. Akasema miaka yote hufanya kazi wamefunga vitambaa usoni na macho mekundu, wakifika nyumbani wake zao huwauliza wamelia nini. Tangu Ijumaa vitambaa vimekaa mfukoni. "Ile nusu ingine tutavumilia," akasema. "Hii mliyotoa, hatuwezi kurudishiwa."

Mmoja wa vijana akasogea kidogo, kumpa mwenzake nafasi ya kukaa juu ya kifuniko.

Chifu akamgeukia Daktari. "Sasa ikilowa ishindwe kabisa, nitafanya aje?"

"Utanipigia simu," Daktari akasema. "Tutakuja kuipasha moto, itaamka. Na ikichoka kabisa tutakutengenezea nyingine, nzuri kuliko hii."

"Mtatengenezea wapi?"

Daktari alimtazama Mkuu, na mimi nikamtazama Mkuu, na Mzee Shee, na mabaharia wote na vikombe vyao mkononi. Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya dohani. Injini ilikuwa ikinguruma na upepo ulikuwa ukimshushia moshi usoni. Akavuta pumzi mara moja, kwa tahadhari, kisha akavuta tena. Akayafumba macho, akayafumbua, wala hayakutoka machozi.

"Chumba kipo," akasema.